Gari la kasi na deni lisiloandikwa kwenye bei

Yapo magari ambayo mngurumo wake hufika Madogo kabla yayo yenyewe kufika. Hupita yakielekea daraja la Mto Tana na mji wa Garissa, boneti ikiwa na tundu kubwa la kuvutia hewa na bawa likiwa limesimama nyuma. Vijana walioketi vibarazani hugeuza shingo na kuyatazama mpaka yapotee. Aghalabu huwa ni Subaru Impreza WRX, gari lililoundwa Japani kwa ajili ya kasi, na ambalo sasa limeshuka bei sokoni kiasi cha kumfanya kijana wa kipato cha kawaida aamini kwamba linaweza kuwa lake.

Sina ugomvi na gari hilo wala na anayelipenda. Ninalotaka kulizungumzia ni bei yake. Bei inayotajwa na muuzaji ni sehemu tu ya gharama. Sehemu iliyobaki ni deni la matengenezo ambayo mwenye gari wa kwanza, wa pili na wa tatu waliyaahirisha, na ambalo humwangukia anayenunua mwisho. Nashikilia kwamba deni hilo ni zito popote pale, lakini katika sehemu kama Madogo huwa zito maradufu.

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya kuandika habari za magari ya kifahari katika wilaya ambamo watu wengi hawana hata baiskeli? Haja ipo, kwa sababu ya mali inayouzwa ili magari hayo yanunuliwe. Kwetu benki ya jamii ni zizi. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo ikafa kwa wingi katika Tana River, Garissa na kwingineko kaskazini. Familia zilizobaki na ng'ombe au ngamia wachache zinapaswa kuwalinda kama mboni ya jicho. Inapotokea kwamba wanyama hao wanauzwa ili kijana anunue gari lililochoka, jambo hilo linamhusu mama, linahusu karo ya wadogo, na linamhusu kila anayekula katika chungu hicho.

Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru hayakuanza jana. Yalizaliwa katika mashindano ya Safari Rally. Mwaka 1994 Patrick Njiru, mwana wa nchi hii, alishika nafasi ya 4 akiendesha Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae wa Uskoti akashinda Safari kwa gari hilohilo la buluu, na mwaka 2000 Richard Burns wa Uingereza akalipatia ushindi tena. Waliokuwa watoto miaka ile ndio watu wazima wa leo, na wamewarithisha wana wao mapenzi hayo.

Lakini tukumbuke vyema jinsi ushindi ule ulivyopatikana. Gari la McRae halikuvuka nyika peke yake. Lilifuatwa angani na helikopta, na kila lilipopumzika lilisubiriwa na kundi la mafundi wenye giaboksi mpya, shokamzoba mpya na tairi mpya. Chombo kilichokuwa kimechoka asubuhi kilikuwa kimeng'olewa kabla ya jioni. Wazee walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kijana anayenunua Impreza iliyotumika miaka 20 ananunua jina la gari la Safari, ilhali wale mafundi na ile helikopta havimo katika mauzo.

Tena upo mfano wa 1993 ambao hutajwa mara chache. Mwaka huo kampuni ya Subaru ilileta Safari vigari vidogo vya aina ya Vivio, vyenye injini isiyofika hata lita moja. McRae alipewa kimoja na Njiru kimoja. McRae, aliyekuwa na kasi ya umeme, hakufika mwisho. Njiru, aliyezijua barabara zetu na kukitunza chombo chake, alifika. Naona mafunzo makubwa zaidi katika kisa hicho kuliko katika vikombe vyote vilivyofuata.

Sasa tuje kwenye soko. Kwa mujibu wa kiwango KS 1515 cha mwaka 2000 kinachosimamiwa na Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa, KEBS, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita umri wa miaka minane. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari umekuwa asilimia 35. Gari lenye injini iliyozidi sentimita za ujazo 1,500 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na kila kodi huhesabiwa juu ya ile iliyotangulia.

Tufanye hesabu. Kwa kila Sh100 za thamani ya gari bandarini, ushuru wa forodha unaifikisha Sh135, ushuru wa bidhaa unaifikisha karibu Sh169, na kodi ya ongezeko la thamani karibu Sh196. Ada nyinginezo huisukuma kupita Sh200. Kwa maneno mengine, anayeagiza gari la injini ya lita mbili hulinunua mara mbili, mara moja kutoka kwa Mjapani na mara ya pili kutoka kwa serikali.

Ndiyo maana kijana wetu haagizi. Hutafuta lililoko nchini tayari, lililotengenezwa kati ya 2000 na 2007, likaingia Mombasa likiwa na miaka saba au minane, kisha likapita katika mikono minne au mitano. Kodi yake ililipwa zamani na bei yake imeporomoka. Machoni pa mnunuzi, hilo ni gari la nguvu za farasi 250 kwa bei ya gari dogo la sokoni. Swali ambalo hulikwepa ni hili: kama gari ni zima na ni rahisi hivyo, mbona wote waliotangulia waliliachilia?

Jibu limo chini ya boneti. Nitaeleza maradhi makuu kwa lugha nyepesi, maana anayeyajua maradhi ndiye anayeweza kukadiria gharama ya tiba.

La kwanza ni turbo na mafuta ya injini. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa moto mkali ili isukume hewa nyingi ndani ya injini. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kitu pekee kinachouzuia usikwaruzike ni utando mwembamba wa mafuta. Injini hii huhitaji zaidi ya lita nne za mafuta ya daraja la juu kila baada ya kilomita 5,000 hivi. Mwenye gari akitia mafuta ya bei nafuu, au akapitisha muda wa kuyabadilisha, mirija myembamba inayopeleka mafuta kwenye turbo huziba kwa masizi. Turbo hulia kama filimbi, moshi wa buluu hutoka nyuma, na hapo gharama huwa imeshaingia nyumbani.

Baya zaidi ni pale injini yenyewe inapokula mafuta kimyakimya na mwenyewe hapimi. Beringi za konrodi hukaukiwa, na sauti ya kugonga husikika kutoka chini. Sauti hiyo ikishasikika, hakuna dawa ya kuongeza wala kiraka cha kubandika. Injini hufunguliwa yote au hutupwa.

La pili ni mkanda wa taimingi. Huu ni mkanda wa mpira unaozipatanisha vali na pistoni ili zisigongane. Hupaswa kubadilishwa baada ya kilomita 100,000 hivi, pamoja na kapi zake na pampu ya maji. Ukikatika injini ikiwa katika mwendo, pistoni huzipiga vali na kuzipinda. Mkanda haupigi kelele kabla ya kukatika wala hauwashi taa. Na katika gari ambalo mita yake ya kilomita huenda ilirudishwa nyuma, hakuna ajuaye kama zimebaki kilomita 40,000 au 40.

Yalimfika hayo kijana mmoja jirani yangu. Baba yake alikuwa amekubali kuuza madume kadhaa ili kijana apate gari la kufanyia biashara ya usafiri. Kijana akaenda Nairobi na kurudi na Impreza nyekundu inayong'aa, aliyoinunua kwa mtu aliyemwona mara moja tu. Mwezi wa tatu gari lilizimika njiani baada ya Mwingi, likafikishwa Madogo juu ya lori. Fundi wa jua kali alipoifungua injini alikuta mkanda uliopasuka nyufa kama ngozi ya mamba.

Nilimuuliza fundi kama kijana aliliendesha vibaya. Alifuta mikono, akanijibu: "Mzee wangu, injini hii haikufa mikononi mwake. Aliuziwa maiti, sisi tumeizika tu."

"Na kuirekebisha?" nikamuuliza.

"Mzee, vali zilizopinda ni kumi na kitu. Akinunua injini nyingine iliyotumika, nayo hajui mkanda wake una umri gani."

Gari lile bado limeegeshwa nyuma ya nyumba. Kuku hutaga chini yake. Madume hayatarudi.

La tatu ni petroli. Injini hii ya Kijapani ilikusudiwa petroli ya daraja la juu inayouzwa kwao, yenye oktani 100 au karibu. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari hujitahidi kupunguza makali ili injini isigonge, na mwenye gari hupoteza sehemu ya nguvu alizozilipia. Hatari huja pale fundi wa mjini anapomshawishi kijana aongeze presha ya turbo ili gari "liruke". Joto la mlipuko hupanda, na pistoni huvunjika kingo. Mnunuzi wa pili haambiwi kwamba gari lilichezewa hivyo. Huona tu kwamba lina mbio ajabu siku ya kulijaribu.

La nne ni joto, na hapa Madogo inajitofautisha na Nairobi. Joto letu la mchana hupita nyuzi 35 katika miezi mingi ya mwaka. Kile kipozahewa kilicho juu ya injini, kinachopokea upepo kupitia tundu la boneti, hufanya kazi gari likiwa mbioni. Likisimama katika foleni ya ukaguzi penye kizuizi cha polisi darajani, hugeuka kuwa kikaango. Rejeta za umri huo zina vichwa vya plastiki ambavyo vimekauka na kuanza kupasuka. Mwenye gari akitia maji ya mto yaliyojaa tope badala ya maji yenye dawa ya rejeta, kutu na magamba huziba mishipa. Halafu hewa hunaswa ndani ya injini hii iliyolala ubavu, na asiyejua namna ya kuitoa hudhani amejaza maji kumbe hakujaza. Matokeo ni gasketi ya kichwa kuungua, na pengine kichwa chenyewe kupinda.

La tano huwashangaza wengi, nalo ni tairi. Impreza WRX husukumwa na magurudumu yote manne kwa wakati wote. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ipo difu ya katikati, inayodhani kwamba tairi zote zina ukubwa mmoja. Tofauti ya mzingo baina ya tairi na tairi haipasi kuzidi milimita 6 hivi. Mtu aliyezoea kununua tairi moja mpya na kuiweka pamoja na tatu kuukuu huilazimisha difu ifanye kazi bila kupumzika hadi iungue. Hivyo basi, tairi moja ikipasuka kwa jiwe, mara nyingi hesabu ni ya tairi nne. Na ile tairi nyembamba ya akiba iliyoko nyuma haikuundwa kwa safari ya kutoka Bangale mpaka Mwingi.

Sitachelewa sana kwenye klachi, giaboksi, bushi za mikono ya mbele na beringi za magurudumu. Itoshe kusema kwamba kila kimoja kina umri wake, na katika gari la miaka 20 vyote hufikia umri huo kwa pamoja. Kadhalika, tumbo la gari hili halifiki sentimita 20 kutoka ardhini. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na watu wakavushwa kwa mashua. Katika nchi ambayo mwaka huu ni vumbi na mwaka ujao ni maji, gari lililo chini hivyo ni mgeni asiyejua desturi za mwenyeji.

Nikiyaweka hayo yote pamoja, bado sijafika kwenye jambo linaloiumiza zaidi mifuko ya watu wetu, nalo ni umbali. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na aliyewahi kuifungua injini hii mara nyingi, aghalabu yuko Nairobi. Vipuri viko Nairobi, katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga na Industrial Area. Hata kipuri kikiletwa kwa basi, huwezi kukijaribu kabla ya kulipa, na kisipofaa ni safari nyingine. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kifaa ambacho mkazi wa mji mkuu hukibadilisha kwa nusu siku humgharimu mkazi wa Madogo wiki nzima na nauli ya watu wawili.

Tuchukue safari ya Nairobi peke yake. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 720. Gari hili likiwa zima hula lita moja kwa takriban kilomita 8 katika mwendo wa kawaida, na likiwa gonjwa hula zaidi. Hizo ni lita 90. Oktoba 2023, bei ya petroli ya super iliyotangazwa na mamlaka ya EPRA ilipita Sh217 kwa lita mjini Nairobi. Kwa bei hiyo, safari moja iliteketeza karibu Sh20,000 kabla ya dereva kunywa hata kikombe cha chai. Bei hupanda na kushuka kila mwezi, lakini lita 90 hubaki lita 90.

Ipo pia bima. Sheria humlazimu kila mwenye gari awe na bima ya mtu wa tatu, ambayo humlipa aliyegongwa na wala si mwenye gari. Bima kamili ndiyo ingemlinda, lakini kampuni nyingi husita kulipokea gari la umri huo na la sifa hiyo, au huweka masharti mazito. Hivyo kijana aliyetia mali yote ya nyumba katika gari moja hulala bila kinga yoyote. Likiteketea, limeteketea.

Na lipo la uhai, ambalo haliwezi kutiwa katika hesabu ya shilingi. Barabara kutoka Mwingi hadi Madogo ni ndefu, imenyooka, na inamwita dereva akanyage. Sheria inaruhusu magari madogo kilomita 110 kwa saa na si zaidi, na 50 ndani ya miji. Lakini gari hili linaweza kupita hapo kwa mbali, na barabara hiyo huvukwa na ngamia usiku. Ngamia ana miguu mirefu. Gari la chini likimgonga humkata miguu, na mwili wote huangukia kioo cha mbele na kuwakuta walioketi ndani. Wafugaji wanalijua hilo, na madereva wa malori wanalijua pia, ndiyo sababu hupunguza mwendo. Breki zilizochoka na shokamzoba zinazovuja hazimpi kijana mwenye farasi 250 nafasi ya kujifunza mara ya pili.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba wanamjua fulani aliyeendesha Subaru ya turbo kwa miaka kumi bila tatizo. Nami nakubali, maana watu hao wapo na gari lao ni imara. Ukimtazama mmoja wao, hata hivyo, utamkuta anapima mafuta kila anapotia petroli, huiacha injini ingurume dakika moja mbili baada ya safari ndefu ili turbo ipoe kabla ya kuizima, na ana daftari lenye tarehe ya kila mkanda na kila plagi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyo ameziba nyufa zake kwa wakati. Anazo fedha za kufanya hivyo, na fundi wake yuko karibu. Kumlinganisha naye kijana aliyetumia shilingi yake ya mwisho siku ya kununua si haki.

Wengine watasema kwamba kijana wa Tana River naye ana haki ya kustarehe kama kijana wa Nairobi. Hilo pia silikatai. Nasema tu kwamba starehe inayomfilisi baba na kumtoa dada shuleni si haki ya mtu mmoja kuamua.

Kwa anayesisitiza kununua, nina mashauri machache. Aende kuliona gari alfajiri, injini ikiwa baridi, kwa kuwa gari lililopashwa moto huficha kelele na moshi. Akague kama tairi zote nne ni za aina moja na zimelika sawa. Aliendeshe polepole katika duara dogo, usukani umekunjwa hadi mwisho, na kama linasita na kuruka kama linaloshikwa breki, difu ya katikati ina maradhi. Atazame kama mapovu yanatoka kwenye chombo cha maji injini ikinguruma. Amlipe fundi asiyemjua muuzaji ili apime mgandamizo wa kila silinda. Aitake karatasi ya mkanda wa taimingi, na kama haipo, ahesabu mkanda mpya kuwa sehemu ya bei. Kisha athibitishe katika rekodi za NTSA kwamba anayeuza ndiye mwenye gari na kwamba halikuwekwa rehani ya mkopo.

Juu ya yote hayo, kanuni yangu ni moja: mtu asiyeweza kuweka kando angalau theluthi ya bei ya gari kwa ajili ya mwaka wa kwanza hajafikia kulinunua. Anayetafuta chombo cha riziki, kwa safari za Hola, Bangale au Garissa, ana magari ya injini ndogo isiyo na turbo ambayo kila fundi wa barabarani anayafahamu na ambayo vipuri vyake havimwiti mtu Nairobi. Hayageuzi shingo za vibarazani, lakini jioni huleta unga.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Imeweka kikomo cha umri bandarini na imekusanya kodi yake kikamilifu, lakini gari likishavuka lango la Mombasa hakuna anayemlazimisha muuzaji aseme ukweli kuhusu hali yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu kile anachokinunua. Ningependa kuona haki hiyo ikitiwa katika fomu: kila gari linapobadilisha mwenyewe, liandamane na taarifa ya ukaguzi na kilomita zilizosomwa siku hiyo, ili atakayeirudisha mita nyuma ajulikane.

Nayo serikali ya kaunti iliyoko Hola ina vyuo vya ufundi chini ya mamlaka yake. Mashine moja ya kusoma kompyuta za magari, pamoja na mwalimu anayeijua, ingewasaidia vijana wa Madogo mara mbili. Wangepata kazi, na majirani zao wangepata mtu wa kuwaambia ukweli kabla ya kuuza ng'ombe.

Kwa wazazi, neno langu ni fupi. Kijana akija kuomba wanyama wauzwe ili anunue gari, msimkatalie kwa hasira wala msimkubalie kwa mapenzi. Mwambieni alete karatasi mbili. Ya kwanza iandikwe bei ya gari. Ya pili iandikwe mafuta, mkanda, tairi nne, bima, petroli ya mwezi, na nauli ya fundi kutoka Nairobi. Akiweza kuijaza ile ya pili na kueleza fedha zake zitatoka wapi, huenda amekomaa na anastahili kusikilizwa. Akishindwa kuijaza, wanyama na wabaki zizini.